Kiti cha Mzee Karanja

Nilipokuwa mtoto, Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, ndiye aliyeniambia kwamba kiti cha marehemu bado kina mwenyewe. Mwanamke mwenye mimba akikikalia, marehemu humdai mtoto. Niliyaamini maneno hayo, na hata leo sijayatupa yote.

Tuliishi naye Riruta, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Mama alisuka upya vikalio vya viti kwa henzirani, nyuzi za mmea kama mwanzi, pale mlangoni, na alikuwa na desturi moja: kiti hakiondoki kabla msukaji hajakikalia mbele ya mwenye kiti.

Mjane mmoja wa Kinoo akaleta kiti cha mumewe, Mzee Karanja, kikalio kimezama na kuchanika. Mama alikuwa na mimba kubwa. Tulikisuka pamoja, yeye akivuta, mimi nikipitisha ncha chini ya fremu kwa vidole vyangu vyembamba.

Siku ya kukichukua, mjane alisimama uani, mikono kiunoni.

"Si ukae nione, Mama Nekesa. Kesho wakwe wanakuja, siwezi kuaibika."

"Asikae!" Kukhu alifoka. "Huyo mzee wako atataka mtoto."

"Ghai, Kukhu! Mzee wangu aliacha watoto tisa. Wa kumi ni wa nini?"

Majirani walicheka. Mama hakucheka. Alishika tumbo, akakitazama kiti. Asipokaa, Kinoo nzima ingesikia kwamba anaogopa kazi yake mwenyewe. Akikaa, kisha lolote limpate mtoto, hangejisamehe.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya leso ya mama. Lakini kiti kile nilikuwa nimekisuka pia. Nikatoka, nikakaa kwa uzito wangu wote.

Kikatoa mlio, kwiii, lakini kikalio hakikuzama.

Kukhu akaziba mdomo. Mjane akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Hata mzee wangu kilikuwa kinamlilia hivyo! Kumbe hako kasichana kako ni fundi, na vile hakaongei?"

Ndugu yangu alizaliwa salama. Kukhu alisema ni kwa sababu mama hakukaa, nami sikumbishia. Sasa mimi pia ni mama, na viti vinaletwa kwangu. Mtu akiniambia ni cha marehemu, simcheki. Naona siku ile Kukhu hakushindwa, wala mama hakushindwa. Alihitajika tu mtu mwingine aliyeijua kazi ile kwa mikono yake.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya mjane, kabla ya uji, niliweka henzirani kwenye karai la maji ilainike, nikavuta kiti cha jirani kilichokuwa kikingoja zamu, nikaanza kukisuka bila kuitwa.