Siku Majivu ya Mama Yalipotolewa

Mama alipofariki, moto aliouwasha mwenyewe ulikuwa bado unawaka katikati ya nyumba. Hatukuuzima. Kwetu, upande wa Njombe, moto wa marehemu uliachwa uendelee, ukilishwa kuni na mtu mmoja wa nyumba hiyo, mpaka ndugu wakutane na kutoa majivu. Majivu yakishatoka, msiba umekwisha. Wa kusafiri wanasafiri, waliochumbiwa wanaolewa.

Mimi nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani Makambako, kijana mpole, mguu wake mmoja mfupi kidogo. Shangazi yangu aliyekaa Lyamkena ndiye aliyetukutanisha. Kaka zangu walikuwa wamekwenda kukata mkonge, mbali sana, wala hawakuwahi maziko. Kwa hiyo wa kulisha moto nilikuwa mimi.

Baba alikuwa akikata miti ya miwati kwenye shamba la Mzungu. Akirudi alikaa kwenye kigoda, miguu karibu na mafiga, karibu mno, hata ngozi ya miundi yake ikawa na madoa kama ya chui. Nilimwuliza, "Baba, majivu tutatoa lini?"

"Kwa baridi hii?"

Baridi ikapungua, akasema watu wako kwenye kupanda. Wakamaliza kupanda, akasema ulezi bado, wageni watakula nini. Ulezi ukaiva, tukavuna, naye akaendelea kuota moto. Majivu yalikuwa yamefika shingoni mwa mafiga. Niliruhusiwa kuyasogeza, si kuyatoa.

Sitasema uongo: moto ule ulikuwa mtamu. Nje ukungu ulishuka hadi mlangoni, na asubuhi nyingine umande uliganda juu ya nyasi ukawa mweupe. Ndani viazi viliiva majivuni, maganda yakipasuka. Majirani walikuja kuota moto wakasahau kuondoka. Hata mwinjilisti, aliyetuhubiria kwamba wafu hawana haja na kuni zetu, alihubiri huku amenyoosha mikono juu ya mwali. Nami sikuweza kwenda kisimani bila kurudi mbio nikihofia nitaukuta umezimika. Ibada niliisikia kwa mbali, nyimbo zikija na upepo. Nguo zangu zilinuka moshi, nywele zangu, hata mate yangu. Mwanzoni nilimlilia mama. Baadaye nilikuwa ninajililia mwenyewe, na hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa moshi hutoa machozi yaleyale.

Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, shangazi alifika akiwa na mama mmoja wa Kingoni, mtani wetu. Kwa watu wetu mtani hakatazwi kitu msibani. Shangazi angeyagusa majivu yale, baba angemfukuza. Mtani hafukuzwi.

"Kamwene!" alitusalimu mlangoni kwa lugha yetu. "Nasikia humu kuna mwanamume ameoa jivu."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. "Ninyi Wangoni mlizoea ng'ombe wetu. Leo umekuja kuiba majivu?"

"Ng'ombe wenu walikuwa wamekonda, tuliwachukua kwa huruma. Toa miguu."

Baba akatoa miguu. Yule mama akapiga magoti, akachota majivu kwa kigae, akayajaza kwenye kapu kuukuu, huku akiimba maneno ya kutudhihaki ambayo siwezi kuyaandika. Makaa akayamwagia maji. Yalipiga kelele kidogo tu. Kapu likatoka, yakamwagwa kwenye shina la mianzi, na nyumba ikawa giza mchana. Sikujua kama ilikuwa kubwa vile, na baridi vile.

Shangazi akanivuta pembeni. Alikuwa na kaa la moto ndani ya kigae, kutoka kwa jirani.

"Sikiliza, mwanangu. Anayewasha moto huu mpya ndiye anayeushika. Hatoki humu mpaka aingie mwanamke mwingine. Kwa hiyo wewe tulia hapa hapa." Akamgeukia baba. "Kaka, washa mwenyewe."

Baba hakuwa amewahi kuwasha moto nyumbani kwake. Aliweka kaa katikati ya mafiga, kisha akalaza juu yake gogo bichi la mwati. Akapuliza. Vumbi likamrudia usoni.

"Mwangalieni," alisema mtani, "anapuliza kama anapoza uji!"

Tulicheka wote, naye pia. Akapuliza tena. Shangazi alikuwa ameshika pindo la shuka langu, ameshika kwa nguvu. Kaa likaanza kuwa jeusi pembeni. Nilijua limebakiza kidogo. Nilijua pia kwamba likifa, shangazi atakwenda kuleta jingine, na jingine, mpaka baba ajue kuwasha. Nilitakiwa kukaa tu.

Baba akaacha kupuliza. Hakunitazama. Alinyoosha mikono yake juu ya mafiga yale ya baridi, akaigeuza, kama mtu anayeota.

Nikapiga magoti. Nikaondoa gogo, nikaweka nyasi kavu na maganda ya mti, nikapuliza pole pole, chini, kama mama alivyonifundisha. Ukashika.

Shangazi aliachia shuka langu. Mtani akatikisa kichwa. "Ee, mwanangu. Umejioza mwenyewe, tena bila mahari."

Hakuna aliyecheka. Baba akavuta kigoda chake karibu. "Ongeza na ule mti mnene," akasema. Nikaongeza.

Shangazi alipokuwa akifunga mzigo wake, aliniuliza, "Nikamwambie nini kijana wa watu?" Nilimfungia viazi vya njiani, vikiwa bado vya moto, akaondoka na mwenzake kwenda barabarani kungoja lori la Makambako.

Baba aliishi miaka mingi.