Nilimsimulia rafiki yangu mwisho wa kitabu ambacho sikuwa nimekisoma

Wakuu, nawasalimu nyote, wa Nairobi na mlio mbali.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za watu kimya kimya, nacheka peke yangu, kisha naondoka bila kuacha neno. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani karibu miaka mitatu, na mke wangu amechoka kulisikia.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyotokea na sitaongeza chumvi. Chumvi ndiyo iliyonifikisha hapa.

Ni marefu kidogo. Mwenye chai achukue chai.

Wakati huo nilikuwa natunza stoo ya hardware moja Riruta, kando ya Naivasha Road. Misumari, rangi, mabati, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Shule nilifika Form Four nikaishia hapo, lakini vitabu nilivipenda tangu utotoni, na katikati ya jiji hili kuna vitabu vya inama.

Kwa wasiojua, hivyo ni vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya karatasi ya nailoni kando ya barabara. Huwezi kuchagua ukiwa umesimama, lazima uiname, ndiyo maana vikaitwa hivyo. Nimewahi kuona mtu wa suti na tai ameinama pale bega kwa bega na makanga wa matatu, kila mmoja na kitabu chake, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Hapo ndipo nilipokutana na Njoki. Alikuwa sekretari kwenye ofisi moja Westlands. Tulishika kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na badala ya kuvutana tukakubaliana asome yeye kwanza halafu anipe.

Kutoka hapo tukawa wanne. Njoki alimleta dada yake Wambui. Mimi nilimleta Were, jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mpishi wa mkahawa mmoja Kilimani. Were alikuwa msomaji wa kweli. Alikuwa anasoma huku supu inachemka, na vitabu vyetu vyote vilivyopita kwake vilirudi vikinuka vitunguu.

Tulikutana Jumamosi baada ya kazi ya half day, kwenye hoteli moja ya orofani mjini. Chai, mandazi, na kuongea vitabu mpaka mwenye hoteli aanze kupandisha viti juu ya meza.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Kitabu ni kimoja, kinazunguka, kila mtu wiki mbili. Na mpaka wa mwisho amalize, hakuna kusema kinavyoisha. Ukiropoka mwisho, unakaa mwezi mzima bila kitabu.

Sasa wakuu, hapa ndipo naanza kujianika.

Kwenye kile kikundi nilikuwa na jina. Mimi ndiye niliyesemekana naelewa vitabu. Wambui alikuwa anasema nikieleza kitabu ni kama nimekiandika mimi. Kwa mtu ambaye wiki nzima anaitwa "wewe wa stoo," maneno hayo yalinilewesha.

Lakini mwaka wa pili nilikuwa nimeacha kusoma.

Sitaki kusingizia uchovu, ingawa uchovu ulikuwepo. Ukweli ni kwamba niligundua naweza kusoma kurasa hamsini za mwanzo, nirukeruke katikati, nisome lile jalada la nyuma, na bado Jumamosi niongee kuliko wote. Wenzangu walikuwa wanataja kitu, mimi nakidaka, nakizungusha, nakirudisha kikiwa kinang'aa. Nilikuwa napenda kuongea juu ya vitabu kuliko kuvisoma. Na hakuna aliyegundua, au ndivyo nilivyodhani.

Basi Njoki akanunua riwaya moja ya mwandishi wa mbali huko. Jina sitalitaja. Ilimhusu kijana aliyekosana na baba yake, akapotelea mjini miaka mingi, kisha akaamua kurudi nyumbani.

Lazima niwaeleze habari za Were hapa, la sivyo hamtaelewa.

Were ni mtu wa magharibi, kifungua mimba kwao. Mama yake alifariki mwaka ule ule alioingia Nairobi. Hakuwa na kazi, alikuwa na suruali moja, na aliona aibu kwenda kusimama mbele ya ukoo mikono mitupu. Akajiambia ataenda wiki ijayo. Mama akazikwa, na mtoto wake wa kwanza hayupo.

Baba yake alimtumia binamu na ujumbe kwamba asikanyage boma lake tena. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Were alinisimulia hayo mara moja tu, akimenya viazi, bila kuinua macho. Mimi nikamwambia Njoki, kwa hiyo Njoki pia alijua.

Kitabu kikazunguka. Njoki akasoma, Wambui akasoma, kikanifikia mimi. Were alikuwa wa mwisho.

Nilikaa nacho wiki mbili. Nilisoma mpaka pale kijana anapofunga begi lake, nikachungulia kurasa chache za katikati, basi. Siku ya kukabidhi nilimwambia Were, kwa uso wa mtu aliyeguswa kweli, kwamba hicho kitabu kimenimaliza. Njoki alinitazama kwa muda, nikadhani ananisifu moyoni.

Siku tatu baadaye, mchana, Were akaja hardware. Hakuwahi kuja kazini kwangu. Alikuwa bado na aproni ya jikoni, kitabu kwapani, macho mekundu.

Nikampeleka nyuma ya stoo, tukakaa juu ya mifuko ya saruji.

"Kim, huyu kijana amefika kwa gate ya kwao," akasema. "Mimi siwezi endelea. Niambie tu, mzee anamfungulia ama hamfungulii?"

Nikamkumbusha utaratibu wetu. Akasema hata wakimnyima kitabu mwaka mzima ni sawa, ila yeye lazima ajue, kwa sababu akisoma mwenyewe na akute vibaya hajui atafanya nini.

Wakuu, ningesema "sijui." Ningesema "muulize Njoki." Njia zilikuwa mbili, na zote nyeupe.

Lakini mtu alikuwa amevuka kutoka Kilimani na aproni kuja kuniuliza mimi, mjuzi wa vitabu. Na nilimwonea huruma, hilo pia ni kweli. Vitu hivyo viwili vikachanganyika na sikuweza kuvitenganisha, wala leo siwezi.

"Anafungua," nikamwambia. "Na hamuulizi alikuwa wapi. Anamuuliza tu kama amekula."

Were akainamisha kichwa kwenye magoti na akalia. Mtu mzima, mwenye mikono iliyoungua mafuta kila mahali, alilia pale kwenye saruji. Mimi nikamwekea mkono begani, na niwaambie jambo la kuaibisha kabisa: nilikuwa najisifu. Niliona nimetunga kitu kizuri. Lile la kuuliza kama amekula, nililipenda sana.

Alhamisi akaniambia amepata siku tatu za off na anaenda nyumbani. Alikuwa amenunua blanketi zito la mzee, sukari na majani ya chai. Kitabu alikuwa nacho kwenye begi. Akasema atakimalizia njiani, sasa haogopi.

Nilimtakia safari njema. Hapo nafsi ilinisuta kidogo, nikainyamazisha kwa kujiambia kwamba vitabu vingi vya namna hiyo huisha vizuri.

Jumamosi tukakutana watatu. Njoki akauliza Were yuko wapi. Nikamwambia, kwa furaha kabisa, kwamba ameenda kwao kupatana na baba yake, na ni kile kitabu kilichomtuma.

Njoki akaweka kikombe chini. Akauliza kama amemaliza kukisoma. Nikakiri kwamba nilimwambia mwisho, nikijua nitapewa adhabu. Akaniuliza nilimwambia nini hasa.

Nikarudia. Mzee anafungua, anauliza kama amekula.

Wambui akaangalia dirishani. Njoki akasukuma kikombe chake kando.

"Kim, hii kitabu hukusoma," akasema.

Akanieleza sasa, polepole, kama anayemweleza mtoto. Sura ya mwisho inasimuliwa na yule baba. Amekaa kwenye kiti chake ndani. Anamsikia mwanawe akibisha. Anaijua hata ile namna yake ya kubisha. Anakaa pale pale mpaka kubisha kunakwisha.

Njoki alikuwa amepanga tuonane na Were kabla hajafika sura hiyo. Alitaka tukae naye, tuongee, asiipokee peke yake. Aliniuliza ni vitabu vingapi vingine nilivyoviongelea bila kuvisoma.

Tulimpigia Were simu pale pale, na tena tukiwa ngazini, na tena tukiwa barabarani. Mteja hapatikani. Tulisimama nje ya hoteli hiyo mtaa umejaa watu, Njoki anabonyeza ile simu tena na tena, na mimi sikuwa hata na mahali pa kuweka mikono yangu.

Were alirudi Jumapili. Jumatatu asubuhi alikuja hardware, safari hii akasimama kwenye kaunta kama mteja, akanisimulia.

Mzee wake alifungua. Ndiyo, alifungua mlango. Alimsalimu kwa adabu zote za kanisa, akaagiza kiti kiwekwe nje uani, Were akaletewa chai kwenye kikombe cha wageni. Wadogo zake walikuwa wanapita na hakuna aliyethubutu kukaa. Mzee akamuuliza hali ya Nairobi, mvua, bei ya unga. Kisha akamuuliza anaondoka saa ngapi asije akakosa gari.

Were akaomba aonyeshwe kaburi la mama yake.

"Akaniambia wale walimzika ndio wanajua penye amelala," Were akasema.

Hakuonyeshwa. Blanketi aliliacha juu ya kile kiti, na akiwa anafika barabarani mtoto wa jirani akatumwa amkimbizie nalo.

Akarudi nalo. Akiwa kwenye basi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akafungua kitabu akasoma mpaka mwisho.

Alikiweka kitabu kwenye kaunta kati ya makopo ya rangi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Hata ningejua inaisha hivi, ningeenda," akasema. "Lakini ningeenda nikijua."

Akaondoka.

Mwezi ule ule alihama ploti. Nilisikia alipata kazi upande mwingine wa mji. Njoki alibaki na namba yake, na aliniambia Were hasomi tena, hata gazeti. Alimpelekea kitabu mara moja akakataa kukigusa. Kikundi kilikufa bila mtu kutangaza kwamba kimekufa.

Kile kitabu nilikisoma. Chote, kila neno, siku mbili. Ni kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuzungusha. Nikifika pale baba anaposikiliza mlango simwoni yule baba wa kwenye kitabu, namwona Were na kikombe cha wageni mkononi. Nimejaribu kusoma vingine tangu hapo na nashindwa kufika mwisho. Zamani sikumaliza kwa uvivu, sasa nakaribia kurasa za mwisho na mkono unafunga wenyewe.

Najua kuna atakayesema mtu mzima hawezi kutumwa na riwaya, kwamba Were angeenda tu siku moja. Njoki pia aliniambia hivyo, kwa kunihurumia. Huenda ni kweli. Lakini angeenda amejikaza, amejiandaa kukataliwa, labda na mjomba mmoja wa kumtangulia kumlainisha mzee. Mimi nilimtuma akiwa wazi kabisa, anasubiri kuulizwa kama amekula.

Funzo nililopata ni hili, na ni dogo mpaka linatia aibu. Ukiulizwa habari ya kitabu hujasoma, sema sijasoma. Hakuna atakayekucheka kwa muda mrefu. Unaweza kudhani unadanganya kuhusu karatasi tu, kumbe aliye mbele yako anauliza habari za maisha yake.

Sasa kilichonifanya niandike leo, baada ya muda wote huu.

Wiki iliyopita Njoki alinipigia. Dada yake Were, aliyepata namba ya Njoki kwa Were, amempigia kutoka nyumbani, anasema mzee amelala kitandani, ugonjwa wa sukari umemla mguu, na madaktari hawampi muda mrefu. Mzee mwenyewe hajamtaja Were. Dada anataka Were aende hivyo hivyo. Were amesema hapana, alishaenda. Njoki ananiomba nikaongee naye kwa sababu ni mimi niliyemsikia akiuliza mara ya kwanza.

Nimeipata anwani yake. Nimefika mpaka mtaani kwake mara mbili na nikageuka, kwa sababu sijui nitamwambia nini. Nikimwambia mzee atamkubali, nitakuwa natunga tena. Nikinyamaza, mzee atakufa na Were atakuwa amekosa mazishi ya pili.

Kwa hiyo wakuu, matusi yenu nitayapokea, lakini kwanza naomba msaada. Kuna mtu humu ndani aliyekataliwa na mzazi, akarudi mara ya pili, na akapokelewa? Wewe mwenyewe, si rafiki ya rafiki. Niandikie ilivyokuwa, nimpelekee Were.

Na kama hakuna, niambieni hakuna.