Picha ya Sare Niliyotuma Nyumbani

Admin, nifiche jina, na ukiweza nifichie hata kaunti ninayotoka, maana watu wengi wa kwetu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, Mkenya, niko Dubai huu mwaka wa nne. Nina binti mmoja, nitamwita Pendo, ana miaka minane, analelewa na wazazi wangu nyumbani. Nafanya usafi katika kliniki moja huku Al Nahda. Kampuni imetupa malazi Al Qusais, wanawake sita chumba kimoja.

Kwetu mimi ndiye kifungua mimba, na tangu nikiwa darasa la tatu baba alikuwa ananiita Nesi. Si kwamba niliomba. Alisema kila ukoo una mtu wake wa hospitali, na wetu ni mimi. Nikapata mimba nikiwa kidato cha tatu. Baba hakunipiga, aliacha tu kuniita jina lolote. Pendo alipozaliwa alimwita "kile kitu", na miaka minne mizima hakumbeba hata siku moja. Mtoto akimkimbilia, anainua miguu kama anayepitiwa na kuku.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipigwa picha kwenye korido. Sare yetu ni ya bluu, shati na suruali, na manesi wanavaa karibu hivyo hivyo. Tofauti iko mgongoni, sisi tumeandikwa jina la kampuni ya usafi. Picha ilipigwa kwa mbele. Nilimtumia mama bila neno. Kesho yake akanipigia kwa video analia kwa furaha: "Baba yako amesema hatimaye Mungu amekumbuka nyumba hii!" Akageuza simu, nikamwona baba amempakata Pendo. Mara ya kwanza. Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikaufunga. Nikasema wananifundisha unesi huku huku kazini.

Basi mama akawa Mama Nesi kanisani. Majirani wananipigia, "Nesi, mtoto anaharisha, nimpe nini?" Jibu langu ni moja tu: mpelekeni hospitali. Wananisifu eti nesi wa Dubai habahatishi. Mwenzangu wa chumbani, dada mmoja wa Tanga mwenye mdomo, hunitania: "Wewe nesi wa masinki, hebu njoo unipime presha!" Nilikuwa nacheka.

Sasa kilichonileta hapa. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne. Yule ni fundi wa kuzaliwa. Ndiye aliyemvutia mama taa za sola jikoni, na redio za mtaa mzima zinaletwa kwake. Anataka kusomea umeme. Damu akiiona anazirai; Krismasi moja kuku alichinjwa mbele yake, tukamwokota chini tukammwagia maji. Lakini baba na ndugu zake wamemtafutia nafasi chuo cha unesi. Akikataa anaonyeshwa ile picha yangu, imekuzwa na kutundikwa sebuleni. "Dada yako naye aliogopa. Si huyo hapo?" Nilipojaribu kusema kazi hiyo haimfai, baba mdogo alinicheka: "Hutaki manesi wawili ukoo huu? Huo ni wivu, Nesi."

Wiki hii mdogo wangu akanitumia sauti. Alikuwa analia mpaka maneno yanakatika. "Dada, unanimaliza na hata hujui."

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikampigia baba. Nilimwambia yote. Ndoo, mopu, vyoo, mgongo wa sare, yote.

Akasema polepole, "Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Kuna kijana wa hapa kwetu ni askari wa getini huko, jengo la jirani na hiyo kliniki yako. Alikuona ukisukuma ndoo."

"Baba, na hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimezaa muosha vyoo? Wewe ni nesi mpaka siku nitakayozikwa. Na huyu mdogo wako atakuwa nesi wa kweli, neno langu lisianguke. Sasa wewe fungua mdomo kwenye kikao cha ukoo Jumapili, uje umchukue mtoto wako jioni hiyo hiyo. Mimi na yeye tutakuwa tumemalizana."

Kisha akaita kwa sauti tamu kabisa, "Pendo! Njoo umsalimie mama."

"Mama, leo umedunga watu wangapi sindano?"

Nilimsikia baba akipumua pale pale kwenye simu, anangoja.

"Watatu," nikasema.

"Walilia?"

"Mmoja alilia."

Ndugu zangu, Jumapili hii watanipigia kwenye kikao, simu iwekwe mezani wazee wote wasikie, nimpe mdogo wangu baraka. Jumatatu anaripoti chuoni. Hakuna kitu kitakachomtoa pale ila wazee wasikie ukweli wangu, maana wao bado wanaiamini ile picha. Nikiusema, Pendo anarudi kuwa kile kitu, tena safari hii ana miaka minane, anaelewa. Huku siwezi kumleta, visa yangu hairuhusu. Babake alimkana tangu tumboni, na mama yangu hajawahi kumpinga baba hata kwa chumvi ya mboga.

Msimtukane baba yangu, sikuja kwa hilo. Wala msiniambie niombe, naomba kila siku nikipiga deki. Wenye watoto na wenye wadogo zao, niambieni: simu ikilia Jumapili niseme nini, na kati ya hawa wawili nimwache yupi?