Redio Ikipata Joto

Betri iliyokaa juani ina harufu yake. Si kali. Ni kama chuma kilichonyeshewa mvua, na ndani yake kuna uchachu unaokugusa nyuma ya ulimi. Majuzi rimoti iligoma wajukuu wangu wakiwa katikati ya ubishi. Walikuwa wanaangalia katuni za Kijapani, zile ambazo wanafunzi wanakula, wanataniana, wanarudi kwao, basi. Mmoja alishikilia kwamba awamu ya pili imeiacha mbali ya kwanza, mwenzake hataki hata kusikia. Nikazitoa zile betri, nikazianika dirishani. Walinicheka sana, na mimi nikabaki nimesimama pale dirishani kama mtu aliyesahau alichofuata.

Ubishi wao naujua, maana hata mimi niliwahi kuwa nao kule kijijini Segese, miaka ya sabini, kabla sijaota hata chunusi.

Nyumbani tulikuwa na redio yenye koti la ngozi, na juu yake mama alitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Baba aliinunua mwaka ambao pamba ilikubali. Kila jioni kulikuwa na kipande kifupi cha mchezo wa kuchekesha, habari za nyumba moja tu: Mzee Mapengo, mkewe Bi Tausi, na jirani yao Kidoko ambaye hakuwahi kukosea saa ya chakula.

Msimu wa kwanza, nisiwadanganye, ulikuwa kelele tupu. Mzee Mapengo aliteleza, sufuria zikamwagika, Bi Tausi akapayuka, Kidoko akatoka mbio na paja la kuku. Kesho yake, yale yale. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alikuwa anachambua choroko, redio ameipa mgongo.

"Baba Kabula, hawa watu hawachoki?"

"Wachoke wana nini? Si wanashiba!"

Kabula ndiye mimi. Msimu ulipokwisha, mtangazaji aliahidi kwamba mchezo utarudi. Mvua za mwaka ule nazo ziliahidi tu. Pamba ilikauka ikiwa usawa wa goti, na baba akafunga blanketi lake kwenda machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, pamoja na wanaume wengine wa kwetu. Siku ya kuondoka aliniwekea mkono kichwani. "Mzee Mapengo akirudi, na mimi nimerudi. Tutamsikiliza wote."

Kiangazi kilipoanza, alipita kwetu mchimbaji mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ushetu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Mama alimpa maji. Alisema walikuwa pamoja na baba machimboni, kisha yeye akahamia machimbo mengine, na nyuma yake akasikia shimo limeporomoka. "Walikuwamo watu, mama. Nani na nani, sijui. Kule mtu anaitwa kwa jina la utani tu." Mama alimwongezea maji ambayo hakuyaomba. Mimi nilirudi kucheza. Kwangu shimo lilikuwa shimo tu, na baba alikuwa mtu mrefu.

Kisha mchezo ukarudi, baba hajarudi.

Na hapa ndipo ninapokuwa upande wa yule mjukuu wa kwanza. Sauti zilikuwa zile zile, lakini watu wamekuwa watu. Waliacha kuanguka ovyo. Jambo la juzi lilikumbukwa leo. Tukaanza kumjua Kidoko: alikuja kula kwa sababu kwake hapakuwa na wa kumpikia, na tukamcheka kwa huruma. Nakumbuka jioni moja Mzee Mapengo alikwenda mnadani akachelewa. Karibu kipande chote tulisikia mwiko tu, na mlango unafunguliwa na kufungwa. Kidoko akaja, akakaribishwa, akakataa. "Mwenyewe aje kwanza." Mzee akaingia na kiatu kimoja, akaanza kutunga uongo wake, na Bi Tausi akamkatiza: "Nawa mikono." Ikaishia hapo.

Mama alicheka. Mama yule yule wa kuipa redio mgongo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilifurahi kupita kiasi. Nikajipangia hesabu yangu ya kitoto: kitu kikienda kikakawia, kinarudi kizuri zaidi. Basi na baba angerudi mpole kidogo, na viatu.

Betri zilikuwa adimu. Duka la Mhindi lilikaa wiki nyingi bila hata moja. Kila asubuhi mama alizitoa redioni, akazianika juu ya jiwe nyuma ya jiko, akizigeuza kama anavyogeuza michembe ya viazi, na mimi nikawafukuza mbuzi. Jioni aliwasha mapema kabla ya mchezo.

"Tulia, mayu, mwanangu. Iache ipate joto."

Wakati inapata joto yalisomwa matangazo ya vifo, kwa sauti ya polepole: fulani wa Buseresere anasikitika kutangaza, habari ziwafikie fulani na fulani. Tulikatazwa hata kukohoa. Mama aliinama sikio likiwa karibu na kitambaa. Yakiisha, aliketi sawasawa, akashusha pumzi, na mchezo ukaanza. Ndipo alipocheka.

Msimu ule nao ukaisha. Mama aliendelea kuanika betri.

Nilipokuwa mwalimu Kahama nilinunua redio yangu mwenyewe. Niliiwasha pale pale kwa fundi, nikasimama nangoja. Akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia ipate joto. Alicheka huyo! "Mwalimu, hii ya betri ukiwasha imewaka. Tangu lini ikaota moto?"

Nilikwenda nayo nyumbani nikakaa nayo kitandani. Kumbe kila jioni mama alisikiliza kama jina la mumewe litatajwa. Kile kicheko kilikuwa cha mtu ambaye mumewe hakutangazwa siku hiyo. Mchezo ulikuwa umekuwa mzuri, nitabishana na yeyote, lakini mama angeweza kucheka hata kwa ule wa sufuria.

Jina halikusomwa. Si mwaka ule, si miaka iliyofuata, na hakuna aliyekuja tena na habari. Mama alifariki miaka ya themanini, betri zikiwa bado juu ya jiwe.

Nilikwenda mwenyewe kuandikisha tangazo la kifo chake redioni. Kabla ya wajomba, kabla ya shangazi, nilitaka habari zimfikie kwanza mumewe, Shija, popote alipo. Karani akauliza anaishi wapi. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Jioni niliwasha redio mapema. Sauti ile ya polepole ikalisoma jina la baba kwa mara ya kwanza, miongoni mwa walio hai. Mama aliyelingoja miaka yote ile hakuwepo kulisikia.