Kilalo cha Mikaratusi

Harufu ya mkaratusi uliochunwa gome ikinipata popote, hata kwenye duka la mbao, nacheka peke yangu. Watu hudhani nimerukwa na akili. Ninyi niwaeleze, maana naona hamna haraka.

Vita vilitutoa Masisi tukafikia kambini karibu na ziwa la Lac Vert, magharibi ya Goma. Mama alikuwa na mimba iliyotimia, na hatukuwa na pa kumlaza. Tulipewa shitingi moja, yaani turubai la plastiki, na fito za mkaratusi, mbichi bado, zikinukia kuliko kitu chochote pale. Papa, mkulima hodari, alizichonga ncha kama alivyozoea kwetu, akaichomeka ya kwanza ardhini. Ikagonga mwamba. Ardhi ya Goma ni moto wa volkano uliopoa. Haipitishi hata sindano. Papa hakukubali kushindwa. Alizipinda fito, akazifunga, akazisimamisha juu ya mwamba, akatandaza shitingi. Nyumba ilisimama kiasi cha sisi kushangilia, kisha miguu yake ikateleza huku na huku, nyumba ikalala chini kama chapati. Jirani zetu, Wanande waliotutangulia kufika, walicheka wakashika mbavu, nasi tukacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno, na mawingu yalishalifunika ziwa.

Ndipo akainuka Koko, mamake Papa.

“Mutoto yangu, kilalo ya chuma ya kwetu, ulipitaka pale kila siku ya soko. Haukuangaliaka miguu yake?”

Kilalo ndilo daraja kwetu.

“Mama, mvula inakuya!” Papa akamjibu.

“Njo maana nasema.”

Koko alipokuwa msichana aliwauzia mahindi ya kuchemsha mafundi waliojenga daraja lile. Alitusimulia huku akibeba mawe, maana hakujua kusimulia amekaa. Kwanza walichonga mwamba pande zote mbili za mto, wakaweka makao ya miguu. Kisha nusu mbili za tao zikatambaa hewani, kila moja kutoka ng'ambo yake, zikivutwa nyuma kwa kamba za chuma zisitumbukie mtoni. Waliziunganisha asubuhi na mapema, kabla jua halijakipasha chuma kikarefuka. Kamba zikafunguliwa, nusu moja ikaegemea nyingine.

“Kilalo ya vile inakufiaka ku miguu,” alisema. “Uzito ikikuya, miguu inataka kukimbia inje. Ukiikatalia, inasimama.”

Tukakusanya mawe makubwa, hata jirani waliotucheka wakabeba, tukayabana upande wa nje wa kila mguu. Papa akaning'inia juu kujaribu. Fito zililalamika, lakini hazikuondoka.

Mama akaingizwa, mvua nayo ikashuka. Koko akatuita mimi na mdogo wangu Bahati, uso umemkazika.

“Mukae juu ya mawe, huyu huku, huyu kule. Mukitoka, nyumba inaanguka.”

Tulijifunika mabeseni kichwani tukakaa. Nawaapia, niliisikia nyumba nzima ikisukuma kupitia makalio yangu. Tuliimba nyimbo zote za kanisani tulizozijua, na zilipokwisha tukaanza upya, kwa sauti ya kupasua mapafu, ili kila mmoja ajue mwenzake hajakimbia. Halafu kichanga kikalia, na Papa akacheza mvuani, kiatu kimoja kikanasa kwenye ufa wa mwamba. Mtoto akaitwa Kilalo. Ni mwanamke mzima sasa, na jina hilo hataki kulibadilisha.

Kwa miaka mingi mimi na Bahati tulijigamba kwamba tuliishikilia nyumba. Vita vilipotulia tukarudi kwetu, nami, msichana mkubwa tayari, nikateremka chini ya daraja kuitazama miguu ya tao. Chuma kilikuwa kimeingia kwenye mwamba, kimetulia. Nilitafuta mahali pa mtu kukaa, sikupaona.

“Koko!” nikaita. “Huku nani anakaliaka mawe?”

Juu darajani Koko alicheka mpaka akashika ukingo.

“Mawe ilitosha, mutoto yangu. Lakini mama yenu alilia sana ile siku. Ningewapeleka wapi, ili musimusikie?”

Nilisimama pale nikajaribu kukikumbuka kilio cha Mama. Nilizikumbuka nyimbo tu.