Mlima wa Mazeras, kwa Petroli na kwa Dizeli

Sisi tuliokulia Changamwe, enzi zetu zile, tulilijua gari kwa masikio kabla ya kuliona. Nyumba zetu za wafanyakazi zilijipanga karibu na barabara kuu, na malori yote ya kwenda bara yalipita pale mbele yetu yakilia. Basi tukajitungia mchezo. Mmoja alifungwa leso machoni, akaketishwa kizingitini, na lori likija alitakiwa aseme kama ni la mafuta au la makontena, kama limejaa au li tupu, na dereva atabadilisha gia wapi. Ukikosea unampisha mwenzio. Mimi Kadzo, mtoto wa kike mwenye vijiguu kama njiti za kiberiti, nilikuwa bingwa wa mtaa mzima. Kaka yangu Karisa mpaka leo anadai nilikuwa nachungulia. Mwongo mkubwa yule.

Nikifumba macho sasa hivi, mambo yote yananijia pamoja, wala siwezi kuyatenganisha. Harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi makubwa ng'ambo ya barabara, na harufu ya mahamri ya jirani yakipanda karaini. Muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, ule wa kukufanya ufyonze meno huku unanyoosha mkono kuomba mwingine. Kibe, ule mchezo wetu wa kujificha, mpaka magharibi. Sauti ya Mama ikiita jina langu, nami nikiitika "abee!" kutoka mafichoni, na hapo hapo nishakamatwa. Vijana wa siku hizi wanacheza kujificha ndani ya simu. Ukimwita hakuitiki, na umeketi naye kochi moja.

Baba alikuwa mwendesha krini bandarini. Kutwa nzima alikuwa juu kule akinyanyua mizigo ya watu, na kwa muda mrefu hakuwa na gari lake mwenyewe. Lakini alikuwa na ndoto. Alilitaka gari la familia lenye nguvu, stesheni-wagoni la safu tatu za viti, litubebe sote siku ya Jumapili kwenda kanisani, kisha litupandishe mlima wa Mazeras mpaka Kaloleni, nyumbani kwa Hawe, nyanya yetu aliyemzaa Mama. Aliliwaza gari hilo akiwa anakula na akiwa ananyoa ndevu. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Karisa, chai inapoa na wewe uko Kaloleni."

Tabu ilikuwa moja, na ilikuwa ya Mama. Mama hakuweza magari. Akipanda tu, tumbo linamgeuka. Alikuwa akisafiri na ndimu mkononi, anainusa, na tangawizi mdomoni, anaitafuna, na bado basi halijamaliza Miritini yeye keshageuka rangi. Kwa ajili hiyo alimwona mamake Krismasi kwa Krismasi, na akirudi alikuwa hoi siku mbili. Nilimsikia mara moja akimwambia jirani, "Mama yangu anazeeka, na mimi niko hapa karibu kana kwamba niko Ulaya." Alisema akicheka, lakini alikuwa akijipangusa macho na ncha ya leso.

Basi fedha ikapatikana, na mwenzake Baba wa kwaya, ambaye alikuwa na yadi ya magari makuukuu, akaja na habari. Alikuwa na mawili ya aina ile ile aliyoitaka Baba, meupe yote mawili, viti vile vile, taa zile zile. Ukiyaweka pamoja ni mapacha. Tofauti ilikuwa ndani ya boneti tu. Moja lilikuwa na injini ya petroli, kubwa, yenye nguvu za kutisha. Jingine lilikuwa la dizeli. Nilipelekwa yadi siku hiyo, na yule bwana alipoyawasha sikuhitaji leso machoni. La petroli lilinguruma kidogo likatulia, kama mtu mwenye adabu. La dizeli lilikohoa, likatetemeka mwili mzima, likatoa moshi mweusi, kisha likaanza kwata-kwata-kwata kama mashine ya kusaga posho.

Baba alisimama mbele ya lile la petroli mikono nyuma. Jamani, ungemwona! Sijapata kumwona mtu mzima akilitazama gari namna ile. Lakini Baba alikuwa na sheria zake, akamwambia rafikiye, "Gari la familia halijaribiwi tupu. Nitakuja Jumamosi na familia."

Yule bwana alidhani ni maneno tu. Jumamosi tulitokea wote: Mama, Karisa, mimi, wadogo zetu watatu, jirani mmoja mnene aliyeombwa kwa heshima aje kuongeza uzito, gunia la unga na debe mbili za maji. Mwenye yadi alishika kichwa. "Bwana, hili ni gari, si meli!" Baba akamjibu, "Na mlima wa Mazeras si bahari. Ingia." Ikabidi naye aingie, akabanwa safu ya nyuma pamoja na gunia.

Lile la petroli lilipaa. Sina neno jingine. Miritini tuliiona ikipita kwa pembeni, upepo unatupiga usoni, tunapiga mayowe ya furaha, na Baba anaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya ambao hata sauti ya kwanza haikuwepo. Mlimani, malori yaliyokuwa yakitambaa tuliyapita moja baada ya jingine. Karisa akawapungia madereva mkono kwa dharau. Kufika Mazeras, Mama akasema kwa sauti ndogo sana, "Simamisha." Alishuka, akapiga magoti kwenye nyasi kando ya barabara, na ndimu yake mkononi. Jirani alimshika kiuno. Alipoweza kusimama alijifuta mdomo, akamtazama Baba usoni, akaona hamu ile ambayo sote tuliiona. Akamwambia, "Ni gari zuri, Baba Karisa. Lichukue." Safari ya Kaloleni ikaishia hapo, tukageuza.

Wiki nzima Baba hakuimba. Wanaume wa mtaani walimwuliza, lini? Akawajibu, bado liko la pili. Walimcheka. Nani anajaribu dizeli akishaendesha lile? Lakini alikuwa ameahidi kujaribu yote mawili, na Jumamosi ya pili tukapakiwa tena vile vile, jirani na unga na debe za maji, na mwenye yadi akijisogeza mwenyewe nyuma bila kuambiwa.

Lile la dizeli halikuwa na haraka na mtu. Baba alikanyaga mpaka chini na gari likaendelea na mambo yake. Tulipitwa na kila kitu chenye magurudumu, Karisa akainama ili asionekane. Mlimani lilishusha sauti, likashika ule mwendo wake mmoja, mmm, mmm, mmm, wala halikuongeza wala halikupunguza. Kiti kilitikisika chini yetu kidogo kidogo, kama mtu anayekupapasa mgongo. Nikafumba macho, nikawa naucheza mchezo wetu peke yangu, nikingoja abadilishe gia. Hakubadilisha. Nikasikia kitu kidogo kikianguka sakafuni na kuviringika mpaka miguuni pangu. Nikafumbua macho. Ilikuwa ndimu.

Nilidhani Mama amezidiwa. Nikachungulia mbele. Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirishani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, leso imemteremka bega moja. Sikuwahi kumwona amelala mchana, hata akiwa mgonjwa. Wadogo zetu walikuwa wakigombania dirisha, na Baba akainua mkono wa kushoto kutoka kwenye usukani, kiganja wazi, bila kugeuka.

"Shhh," akasema. "Mamenu amelala."

Tulinyamaza. Hata mwenye yadi alinyamaza, yeye na gunia lake. Mazeras tukaipita, Rabai tukaipita, minazi ikaanza kuja pande zote mbili, na Baba hakusimama mpaka uwanjani kwa Hawe. Hawe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Haikuwa Krismasi. Akauliza nani amekufa. Mama akaamka, akatazama nje, akasema, "Tumefika? Tumefika kweli?" Kisha akafungua mlango akakimbia, Mama yangu na mwili wake ule, akakimbia.

Jioni tuliporudi Baba alizima injini, akakaa kidogo. Akasema, "Ni hili." Mtaani walimtania mwaka mzima. "Katana kanunua trekta! Katana, unalima lini?" Naye alikuwa akiwajibu kwamba dizeli ni rahisi, dizeli haina makuu, dizeli itazeeka naye. Hata siku moja hakuwaambia habari za ndimu. Karisa ana hoja yake kuwa haikuwa injini, ulikuwa mguu wa Baba, kwamba lile la petroli angeliendesha polepole Mama angelala vile vile. Huenda. Lakini Baba aliujua mguu wake. Kwa miaka yote gari lile lilipokuwa letu, tulikwenda Kaloleni mwezi kwa mwezi, na kila tukianza kupanda mlima, mkono ule uliinuka, na sisi tukanyamaza.

Sasa Hawe hayupo, na Mama naye ametangulia, amelala kule kule Kaloleni chini ya minazi. Baba ninaye hapa kwangu Mkomani. Amekuwa mdogo mikononi mwangu. Ananiita Sidi, jina la dadake aliyefariki zamani, nami naitika "abee" maana nifanyeje. Kila asubuhi anauliza tunakwenda lini nyumbani. Na kumpeleka ndiyo kazi. Nikimtia kwenye kigari changu kidogo, tukifika tu kwenye msongamano anahangaika, anashika kitasa cha mlango. "Nishusheni! Nina zamu bandarini!" Mara ya mwisho alikaribia kuanguka barabarani. Nikaapa simpandishi garini tena mpaka nipate gari la kumtuliza, na moyoni nilikuwa nikijiuliza, je, nikikosa? Je, ndiyo basi, hataliona kaburi la mkewe tena?

Ndipo tukaamua kuchanga, Karisa na mimi na mwanangu Baraka, tununue gari kubwa la watu saba. Baraka kijana wa kisasa, ana kazi yake na maneno yake. Likapatikana yadini gari moja zuri, na kwa bahati, ama sijui niiteje, lilikuwepo la petroli na la dizeli, rangi moja. Wiki tatu mtoto yule alinichosha. Simu mkononi, ananionyesha nguvu za farasi, ananionyesha Wazungu wanaolikimbiza jangwani. "Mama, la petroli ni moto! Yaani ukikanyaga, umeenda." Namwambia, mwanangu, babu yako anataka kwenda Kaloleni, si kwenda mbinguni. Anacheka. Mimi na ubingwa wangu wote, haya ya siku hizi nikiyasikiliza sisikii kitu. Yote yananong'ona. Hata dizeli yao imesahau kukohoa.

Nikamwambia neno moja tu: gari la familia halijaribiwi tupu.

Tulianza na la petroli, Baba kiti cha mbele, Baraka akiendesha, mimi na watoto wa Karisa nyuma. Hatukuvuka hata Changamwe. Baraka alilikanyaga kidogo tu pale kwenye mzunguko wa barabara, na Baba akashika kitasa kwa mikono miwili. "Nishusheni! Nishusheni, jamani!" Alikuwa akilia. Tukarudi yadini.

Siku ya pili tukachukua la dizeli. Nilikaa nyuma yake, mkono wangu begani pake, tayari. Miritini akatulia, lakini nilijiambia nisijidanganye. Tukaanza mlima. Malori yalikuwa yametujaa mbele na nyuma, Baraka akalishusha mwendo, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile injini. Chini sana, mbali, kama inatokea chumba cha pili. Mmm, mmm, mmm. Watoto wa Karisa walikuwa wakizozana juu ya simu. Baba akaachia kitasa. Akainua mkono wake, umekonda sasa, kiganja wazi.

"Shhh," akasema. "Mamenu amelala."

Watoto wakanyamaza, hawajui kwa nini. Niliinama mbele. Karibu na sikio lake nikamwambia, "Abee, Baba. Tumenyamaza." Naye, bila kugeuka, akaupiga mkono wangu pole pole pale begani, akasema, "Vizuri, Kadzo."

Baraka alinitazama kwenye kioo, macho yamejaa. Mazeras tukaipita, minazi ikaanza kuja, Baba ameinamisha kichwa anasikiliza. Ndipo mwanangu, yule yule wa nguvu za farasi, akafungua mdomo kwa sauti ya chini kabisa, asije akamwamsha nyanya yake.

"Mama," akasema, "ni hili."