Utando Juu ya Kidonda cha Mama

Mama yangu alitembea siku nzima na kizibo cha soda ndani ya buti bila kujua. Alipanda nacho hadi shambani, akapalilia maharage, akashuka nacho mpaka nyumbani kwetu Bigwa, chini ya mlima. Alipovua buti ili atawadhe kwa sala ya alasiri, akakuta soksi imelowa damu.

"Njoo uone," aliniita.

Kizibo kilikuwa kimezama kwenye unyayo, chini ya kidole gumba. Alikuwa anakitazama bila hata kukunja uso. Mimi ndiye niliyelia.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na miguu ilikuwa imekufa ganzi polepole bila yeye kutuambia. Hata kile kidonda alitaka kukitibu mwenyewe kwa maji ya chumvi na kipande cha kanga safi. Alikuwa mkunga wa jadi. Kule juu milimani kuna watu, sasa wenye wajukuu, ambao mikono ya kwanza kuwagusa ilikuwa yake, na mtu wa namna hiyo hapendi kuhudumiwa. Nilipomfikisha hospitali, kidole kilikuwa kimeshaoza. Wakakiondoa. Kidonda kikabaki wazi kwa miezi, kila wiki tunakwenda kusafisha, kila wiki kiko vilevile, hadi daktari akaanza kuutaja mguu wenyewe, kukatwa chini ya goti.

Nikawa nasoma kwenye simu. Nikakutana na habari za seli shina, chembe changa za mwili ambazo wataalamu wanazipandikiza ili zisaidie kujenga ngozi upya. Nikamwuliza daktari, mama akiwa amekaa pembeni yangu.

"Dada, hizo bado zinafanyiwa utafiti," alisema. "Hapa hatuna, na anayekuuzia kwenye simu usimwamini. Ila kuna kitu kingine tunaweza kujaribu."

Akatueleza juu ya utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni na kutoka pamoja na kondo la nyuma. Kina mama wanaojifungua kwa upasuaji huombwa kuutoa, damu yao hupimwa magonjwa, utando huoshwa, hukaushwa, hukatwa vipande. Ukilazwa juu ya kidonda kisafi haugeuki kuwa ngozi. Unakinga kidonda na kuuamsha mwili wenyewe ufanye kazi.

Sikuthubutu kumwangalia mama. Kwetu, kinachotoka baada ya mtoto huzikwa kwa heshima, na yeye alikuwa amevizika vingi kwa mikono yake, nyuma ya majiko ya watu, kwenye migomba.

Mama alimgeukia daktari. Kisha akauliza, "Mwenyewe aliyejifungua alikubali?"

"Alikubali, mama. Aliweka saini."

"Na mtoto mzima?"

"Wanachukua kwa waliojifungua salama tu."

"Basi weka, mwanangu."

Siku ya kuwekwa, aliomba miwani yake. Muuguzi alishika kile kipande kwa koleo ndogo, chembamba kama ganda la kitunguu, akakilaza taratibu. Mama alikikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Karibu."

Kwenye bajaji wakati wa kurudi aliniambia, "Nimezika makondo mangapi mimi? Nilidhani kazi yake imekwisha pale mtoto anapolia."

Ikabidi asikanyage. Hilo ndilo lililomshinda kuliko kidonda. Alivalishwa kiatu kikubwa kigumu, akasali amekaa kwenye kiti, akanipangia kazi za jikoni kutoka barazani. Tuligombana juu ya ndizi mbivu. Tuligombana juu ya ugali, kwamba nampimia kama kifaranga. Jioni nilimwosha na kumpaka mafuta, na nikagundua kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kuuona unyayo wa mama yangu. Siku zote ulikuwa chini, unakwenda mahali.

Kipande cha kwanza hakikufanya lolote tuliloliona. Kidonda kilitoa harufu, wakasafisha tena, akanywa dawa, mimi nikakata tamaa kimyakimya. Yeye kila baada ya sala alimwombea mtoto asiyemjua, na mama yake. Baada ya kipande cha pili, kingo zikaanza kuwa nyekundu, kisha waridi, zikisogeleana wiki hadi wiki. Asubuhi moja muuguzi alifungua bandeji, akaita wenzake. Kidonda kilikuwa kimefunga.

Daktari hakujigamba. "Ni utando, ni kiatu, ni sukari kushuka, ni huyu binti yako," alimwambia. "Siwezi kukuambia kipi kilifanya kazi zaidi."

Mlimani harudi tena. Ile ngozi mpya ni nyembamba, na mteremko ni mkali. Shamba amempa mdogo wake, na siku ya kumkabidhi jembe alilifuta udongo kwanza kwa upindo wa kanga.

Sasa kila jioni namkagua miguu barazani. Napitisha kidole katikati ya vidole vyake, naangalia visigino, nakung'uta viatu vyake kabla ya kuviweka. Juzi nilipomaliza, nikataka kuinuka, akanishika mkono.

"Na wewe leta yako."

"Mimi sina sukari, mama."

"Nimekuambia leta."

Nikaweka miguu yangu mapajani pake. Akavaa miwani, akaanza na kidole cha mwisho.